Bega la Kushoto

Asubuhi ile nilibadilisha nguo mara nne, na kwa kuwa zote nilizishona mwenyewe, sikuwa na wa kumlaumu. Gauni la kwanza lilinifanya nionekane ninakwenda kuomba kazi. La pili lilikuwa na mgongo wazi, na mama mkwe humwonyeshi mgongo siku ya kwanza. La tatu lilikuwa zuri mpaka nilipokaa. Nikaishia kwenye la nne, la kijani, lenye kola ndogo na vifungo kumi na viwili nilivyovivika kitambaa kwa mkono, kimoja kimoja, kwa wiki nzima.

"Mama mkwe gani?" aliniuliza mama mdogo, aliyenilea, akiwa ameegemea mlango na kikombe chake cha chai. "Amekuita uende na futi. Watu hawaendi ukweni na futi."

"Ameniita kupima, sawa. Lakini mwanawe atasema leo. Ameahidi."

"Mwaka jana pia aliahidi."

"Leo ameapa."

Mama mdogo alinitazama kuanzia unyayo hadi utosini. Nilidhani ataniangushia maneno yake ya siku zote, lakini alinisogelea tu, akainyoosha kola iliyokuwa imelala upande, akarudi jikoni.

Huyo wa kuapa ni mfamasia. Duka lake la dawa na kibanda changu cha ushonaji vimetenganishwa na ukuta mmoja. Siku ya kwanza alikuja na koti lake jeupe la kazi limekatika kifungo. Nilimshonea akiwa amelivaa, kisha nikakata uzi kwa meno, pua yangu ikiwa kifuani kwake. Kuanzia siku hiyo vifungo vyake vilikatika kila wiki, sijapata kuona koti lenye mkosi kama lile. Mwezi wa pili akanibandika jina la Sindano, kwa sababu ya huu mdomo wangu, na mwezi wa tatu nilikuwa sisikii usingizi kabla hajanipigia simu.

Miaka miwili tulipendana kwa siri, na siri ilikuwa yake, si yangu. Mimi ningemtangaza sokoni kwa kipaza sauti. Yeye alikuwa na neno moja: subiri. Subiri dada aolewe kwanza. Dada akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani na masanduku yake. Subiri mama apate nafuu ya macho. Mama akapata miwani mipya. Subiri kidogo tu, Sindano, mama yangu hapendi kushtukizwa.

Siku yake ya kuzaliwa nilimshonea shati la bluu. Sikumpima. Nilikuwa na mikono yangu, na mikono hii inajua pale anapoanzia na pale anapoishia. Nilikata kitambaa kwa kumbukumbu, nikashona siku tatu, na alipolivaa hakukuwa na mahali pa kurekebisha hata pa ukucha. Alijitazama kwenye kioo changu mpaka wateja wakaanza kukohoa. Jumapili akaenda nalo nyumbani kwao.

Jumatatu simu ikalia.

"Wewe ndiye uliyeshona shati la bluu la mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jumamosi saa nane njoo nyumbani. Uje na futi." Akakata.

Nilipomsimulia mfamasia, uso ulimbadilika, kisha akanishika mikono yote miwili juu ya cherehani. "Basi ndiyo siku yenyewe," akasema. "Ukiingia tu nitasimama, nitamwambia, mama, huyu ndiye. Naapa." Nilimwamini. Wanaonicheka leo wajue hilo, nilimwamini kabisa.

* * *

Lango lilifunguliwa na dada yake, aliyeachika, mwenye kucha ndefu na sauti ndefu zaidi.

"Fundi amefika!" akaita kuelekea ndani, bila kunijibu salamu.

Sebule ilikuwa safi mno. Makochi yalivikwa vitambaa vilivyotariziwa kwa mkono, mishono midogo midogo isiyokosea, nikajua niko katika nyumba ya mtu wa kazi yangu. Mfamasia alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa shati langu. Aliponiona aliinuka nusu. Kisha akakaa tena.

Kwenye kochi kubwa alikaa msichana mmoja mpole, magoti pamoja, daftari dogo juu ya mapaja. Masikioni alivaa hereni za vifungo vya kitambaa cha zambarau, zilizozungushiwa shanga nyeupe. Nilizifahamu. Nilizitengeneza mwenyewe. Mfamasia alizinunua kwangu akisema ni za dada yake.

"Unaziangalia hereni?" dada akadakia. "Kaka alininunulia, lakini masikio yangu na vitambaa hayapatani. Nikampa wifi."

Wifi. Miaka miwili nililiota neno hilo, nikajiuliza litatoka mdomoni mwa nani kwanza na kwa sauti gani. Sasa lilikuwa limeshatoka, na lilimwendea mwingine.

"Mimi ni mwalimu wa chekechea," msichana akaniambia, akitabasamu kwa haya. "Ni nzuri sana. Umezitengeneza wewe?"

"Ni zangu," nikasema. Nilimtazama mfamasia. Yeye alitazama zulia.

Mama yao akaingia akiwa na fimbo na miwani mizito. Nilipiga goti kumwamkia. Alinipa mkono, na badala ya kuuachia wangu, akaugeuza, akapapasa ncha za vidole vyangu mahali sindano ilipozichakaza. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Simama."

Mfamasia akasimama katikati ya sebule. Mama alimzunguka polepole, akalivuta pindo, akafunua kola kutazama upande wa ndani. Akaweka kidole gumba kwenye mshono wa bega la kulia, akakipitisha mpaka mwisho. Kisha akakiweka kwenye bega la kushoto. Katikati ya njia kidole kikasimama.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Nililikata hivyo bila hata kuwaza, mshono nikaushusha nusu inchi, na tundu la mkono nalo nikalishusha. Kwangu hiyo ndiyo sura yake. Sikukumbuka kwamba bega hilo huonekana tu akiwa amejisahau, amenilalia, kichwa chake shingoni kwangu. Akisimama mbele ya watu hujikaza, na mabega yanakuwa sawa.

"Vipimo hivi alikupa nani?" mama akaniuliza.

Kabla sijafungua kinywa, mfamasia akajibu. "Nilimpelekea shati la zamani, mama. Akaiga."

"La zamani lipi?"

"Lile jeupe. Ulilonishonea wewe."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. "Sawa. Lakini siku nyingine huenda shati la kuiga lisiwepo. Fundi, mpime kwa futi, tuwe na vipimo vyake nyumbani. Mwalimu ana mwandiko mzuri, ataandika."

Nimepima watu tangu nina miaka kumi na sita. Nimepima wajawazito na mabibi waliofura miguu, hata mzee mmoja aliyetaka suti ya kuzikiwa na bado anaivaa. Lakini sikuwahi kumpima mpenzi wangu huku msichana mwingine akiandika.

"Shingo, kumi na tano na nusu."

"Kumi na tano na nusu," mwalimu akarudia, akaandika.

"Mkono, ishirini na nne."

"Ishirini na nne."

Kupima kifua lazima umzungushie mtu mikono. Nilimzungushia. Harufu yake ilinijia ileile, ya sabuni na dawa, na moyo wake ulikuwa ukigonga kwenye kifundo cha mkono wangu. Midomo yangu ilikuwa karibu na sikio lake.

"Sema," nikanong'ona.

"Subiri."

"Mpaka lini?"

"Nakuomba, Sindano. Siyo mbele ya mgeni."

"Mnanong'onezana nini?" mama akauliza.

"Namwambia fundi asinibane sana kwapani," mfamasia akasema kwa sauti, na dada yake akacheka.

Mama hakucheka. Aliketi, akaweka fimbo baina ya magoti. "Huyu fundi, mmejuana siku nyingi?"

Nikaacha kupima. Futi ilikuwa bado imemzunguka kifuani, nimeishika kwa mbele. Macho yetu yalikutana, na katika macho yake niliona kila kitu nilichokipenda, kile kicheko kilichojificha, na yale mapenzi. Yalikuwepo, siwezi kuyakana. Yalinitazama na kuniomba radhi.

"Si sana, mama," akasema. "Ni fundi wa pale jirani na kazini."

"Kifua?" mwalimu akauliza kwa upole, kalamu ikiwa tayari.

"Thelathini na nane," nikajibu.

"Naona hana pete," mama akaendelea. "Binti mzuri, mkono wake mwepesi, nguo imemkaa. Kijana kama wewe anawezaje kukaa jirani na binti kama huyu asimwone?"

Hata kipofu angeuona mlango ule. Ulikuwa wazi, kilichobaki ilikuwa mtu kupita.

Mfamasia akacheka. "Huyu? Mama, huyu ana mdomo! Atakayemwoa atashonwa midomo usiku wa kwanza."

Dada yake aliangua kicheko mpaka akajishika mbavu. "Na vifungo vyote hivyo! Bwana harusi atafungua mpaka kunakucha!"

Mwalimu peke yake ndiye hakucheka. Alinitazama, kisha akamtazama mfamasia, kisha akajifanya anasoma alichoandika. Nilitamani kumchukia, ikashindikana. Kwa hiyo nikajicheka mwenyewe pamoja nao, kidogo, ili machozi yapate kisingizio.

"Mabega?" mama akauliza.

Nilipima la kulia. Nilipima la kushoto. Yeye alikuwa amejikaza wima, mabega yamenyooka. Mama alikuwa akinitazama juu ya miwani, na nilijua ananiuliza nini. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ningeweza kusema, mama, la kushoto lipo chini, na nitawaeleza nilivyojua. Dada angepata la kuchekea mwaka mzima. Lakini nilikuwa bado nampenda, na aliyeahidi kusema hakuwa mimi.

"Yako sawa," nikasema.

"Andika, mwalimu," mama akasema. "Mabega yako sawa. Fundi, njoo unisaidie kubeba chai."

* * *

Jikoni alifunga mlango. Chai ilikuwa imeshamiminwa, vikombe vinne juu ya sinia. Nilipovihesabu niliona changu hakimo.

"Umenidanganya pale," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alivunjika mfupa wa bega akiwa na miaka sita. Lilipona, lakini lilibaki chini. Sikutaka ajue, watoto wanachekana. Kila shati nililomshonea niliweka kitambaa cha ziada ndani ya bega la kushoto. Hata lile jeupe analosema uliiga. Mpaka leo yeye mwenyewe hajui. Tulikuwa wawili tu tuliojua, mimi na marehemu baba yake." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Jumapili akaingia na shati halina kitambaa cha ziada, limekatwa kulifuata bega lenyewe. Nikajua yuko mwanamke anayemjua mwanangu akiwa amelala."

Nilitaka ardhi inimeze. "Mama, hatukukusudia kukuvunjia heshima."

"Nani amezungumzia heshima?"

"Basi kwa nini umenifanyia vile mbele ya watu?"

"Mimi nimekufanyia nini? Nimekuita kazini, umefanya kazi." Aliketi kwenye kigoda, goti lake likalia. "Sikiliza. Nyumba hii niliingia nikiwa fundi. Mama mkwe wangu aliniita hivihivi, nije nipime mapazia, sebule imejaa wageni na msichana waliyemchagua amekaa kwenye kochi. Sijavua hata viatu, baba yake huyu akasimama. Akasema, mama, huyu hakuja kupima mapazia, huyu ni mke wangu. Mkwe wangu hakunisemesha miaka mitatu. Lakini sikuwahi kulala hata siku moja nikijiuliza kama ninapendwa."

Sebuleni dada alikuwa akisimulia kitu, na mfamasia akacheka kile kicheko chake kizuri.

"Leo nilimfungulia mlango mara mbili," mama akasema. "Uliona?"

"Niliona."

"Angesema, ningekupokea. Hata angesema kwa kigugumizi, ningekupokea." Akafungua kabati la chini, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya karatasi laini, hariri nzito ya rangi ya maziwa, hajaikata. Akanishikisha. Ilikuwa baridi na nzito, mtu wa kazi yetu akiigusa tu anaiona tayari ni gauni. Niliiona mwilini mwangu. Niliona hadi mahali ningeweka vifungo. "Hiki nilikuwa nimekitoa kwa ajili yako. Jana usiku nilikipiga pasi."

Kisha akakichukua kutoka mikononi mwangu, akakirudisha kabatini.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilinitia aibu. "Mama, ananipenda. Ni mwoga tu."

"Najua anakupenda. Nimeona anavyokutazama." Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa na ncha zilezile ngumu kama zangu. "Ndiyo maana sikupi. Mwanamke mwenye mkono kama wako simpi mwanamume asiye na mdomo, hata kama nimemzaa mimi."

"Na yule mwalimu? Yeye unampa?"

"Yule ni mtoto mzuri. Atamnunulia mashati ya dukani, yatamkaa upande, na hatajua kwa nini. Watazoeana." Akainuka kwa kuegemea fimbo. "Pita mlango wa nyuma, mwanangu. Usirudi kuaga. Watu wakuone umeondoka, wasikuone unalia."

Alisema mwanangu. Nilipita mlango wa nyuma.

* * *

Nilikuwa nimefika langoni nilipozisikia hatua zake. Alikuja mbio, anahema, uso umejaa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Sindano! Hajagundua kitu!" akaninong'oneza, akinishika kiwiko. "Umeona nilivyomzungusha? Lile shati la zamani lilinijia kichwani ghafla tu. Na wewe ulitulia, mpenzi wangu, hongera! Usikasirike kwa ule utani, ilibidi. Dada angeshtuka."

Nilimtazama mwanamume niliyempenda. Jua lilikuwa limempiga usoni, na alikuwa mzuri, Mungu anisamehe, alikuwa mzuri kuliko siku zote.

"Uliapa," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nataka kusema, lakini nilimkuta yule mwalimu ameshafika. Mama ndiye aliyemwalika, mimi sikuwa na habari. Ningesemaje?" Akageuka kutazama nyumba, kisha akashusha sauti zaidi. "Jikoni mama alikwambia nini? Mlikaa sana."

Ukweli ulikuwa mdomoni. Ningemwambia, mama yako anajua, na alikuwa anakungoja wewe. Angegeuka akakimbia ndani, angepiga magoti mbele ya kochi, angesema kila kitu mpaka majirani wasikie, kwa kuwa angejua tayari jibu ni ndiyo. Na huenda yule mama, kwa kumpenda mwanawe, angelifungua lile kabati tena. Ningeolewa. Kila siku ya maisha yangu ningelala na mtu aliyenichagua baada ya kuruhusiwa.

Sikuwaza muda mrefu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu.

"Anajua," nikasema. "Amesema hanitaki."

Nilijiandaa kwa hasira yake. Nilijiandaa hata kwa machozi. Nilijiambia, akisema neno moja tu, akisema atakwenda kumkabili, au tuondoke wote, hata akinitukania mama yake, nitamwambia kweli papo hapo na nitamsamehe yote.

Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Unaona?" akasema taratibu. "Ndiyo maana nilikuwa nakwambia usubiri. Nilijua. Mimi sasa ningefanya nini, Sindano, ikiwa mama mwenyewe ndiye amekataa?"

"Huna la kufanya," nikamwambia.

"Siyo kosa langu."

"Siyo kosa lako."

Macho yake yakalengwalengwa. Aliichukua mikono yangu, akavibusu vidole, kimoja baada ya kingine, na nikamwacha amalize vyote kumi. Kutoka dirishani dada yake akamwita, chai inapoa.

"Asante kwa kunielewa," akasema, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akarudi ndani kunywa chai.